Kisanduku kitupu: kujieleza unapoomba chuo cha sayansi ukiwa Goma

Matokeo ya Exetat, mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari, yakishatoka, nyimbo zikishatulia na poda ikishapanguswa vichwani, mafinalisti wa Goma huanza msimu mwingine usio na kelele: kutafuta chuo. Wengi hubaki hapa hapa, kwenye vyuo vikuu vya UNIGOM au ULPGL, wengine huvuka ziwa kwenda Bukavu. Kwa hao, kinachosema ni diploma ya Serikali na asilimia iliyoandikwa juu yake. Lakini kila mwaka wapo wanaojaribu mbali zaidi, Kigali, Kampala, Ubelgiji, Ufaransa, Uingereza, na hao hukutana kwenye fomu na kisanduku kitupu kinachowataka wajieleze: wewe ni nani, na kwa nini unataka kusoma somo hili? Hapo ndipo kijana aliyemaliza bio-chimie, yaani tawi la biolojia na kemia, akiwa wa kwanza darasani hukwama wiki nzima.

Nimesoma barua nyingi za vijana wa mji huu, na ninaweza kusema jambo moja la kutia moyo kabla ya mengine. Tatizo lao mara chache ni lugha. Kifaransa chao kinatosha, Kiingereza chao kinarekebishika. Shida ni kwamba kwenye ukurasa mmoja wanaandika vitu vitatu visivyo vya ukoo mmoja: barua ya kuomba kazi, ushuhuda wa kanisani, na hotuba ya kuipenda nchi. Kila kimoja kina mahali pake na heshima yake. Ila mwalimu wa chuo anayechagua wanafunzi wa fizikia anatafuta kitu cha nne, na hicho ndicho hakipo.

Barua tuliyoshikishwa shuleni

Aliyesoma Kongo anaijua kwa moyo: "Nina heshima kubwa ya kuja mbele yenu ili kuomba kwa wema wenu mkubwa…" Tunaiandika komini, tunamwandikia mkurugenzi, tunaomba nayo kazi, ruhusa, hata umeme. Ni barua yenye adabu, na inafanya kazi pale ambapo anayesoma anatoa fadhila. Mdogo anasimama mbele ya mkubwa, anataja haja yake, anashukuru kabla hajajibiwa, anatia sahihi.

Nafasi ya chuo haitolewi kama fadhila. Anayeisoma barua yako ana idadi fulani ya viti, ana rundo la maombi mezani, na ana wasiwasi wake: huyu atauweza mwaka wa kwanza? Tukimpa tatizo lisilo na jibu nyuma ya kitabu, atalikimbia au atakaa nalo? Hayo maswali hayajibiwi kwa unyenyekevu. Fomu ya Uingereza haina hata mahali pa kuandika "Bwana, Bibi". Ukitumia herufi 400 kumsalimia mtu ambaye hakungoja salamu, umetumia sehemu ya kumi ya nafasi uliyopewa, maana nafasi yote ni herufi 4,000.

Usinielewe vibaya, adabu haiondoki. Inabadilika sura. Kwenye maelezo ya namna hii, adabu ni kutompotezea msomaji muda na kutomwambia jambo usiloweza kulitetea akikuuliza.

Kila nchi inauliza swali lake

Vijana hutazama video za ushauri simuni usiku, mega za intaneti zikiwa rahisi, na mashauri wanayoyapata yanatoka nchi tofauti zenye maswali tofauti. Huo ndio mkanganyiko mkubwa kuliko yote, na ukishaufungua mengine yanakuwa mepesi.

Marekani, wanafunzi wengi hutumia fomu iitwayo Common App, yenye insha isiyozidi maneno 650. Insha ile inamtafuta mtu. Unaweza kuandika juu ya bibi yako na shamba lake la maharagwe huko Masisi, neno kemia lisitokee hata mara moja, na insha ikawa nzuri sana, kwa sababu chuo cha kule mara nyingi kinakupokea wewe kwanza, kisha somo unalichagua ukiwa ndani.

Uingereza ni kinyume. Unaomba somo tangu siku ya kwanza, na anayechagua ni watu wa somo hilo. Maombi hupitia UCAS, ofisi ya pamoja inayoyapokea kwa niaba ya vyuo, na kwa wanaoanza masomo mwaka 2026 na kuendelea, ile barua moja ndefu imeondolewa. Sasa kuna maswali matatu: kwa nini unataka kusoma kozi au somo hili, masomo uliyosoma yamekuandaaje, na nje ya masomo umefanya nini kingine kujiandaa, nacho kina faida gani. Kila jibu lisipungue herufi 350, na yote matatu kwa jumla yasizidi zile 4,000, nafasi kati ya maneno zikihesabiwa. Majibu hayo hayo huenda kwa vyuo vyote unavyoviomba, ambavyo ni vitano kwa wingi. Ndiyo maana kukisifu chuo kimoja kwa jina ni kosa: vingine vinne vitasoma sifa za mwenzao. Bibi na shamba lake wanaweza kuingia humo, lakini kwa sentensi moja, na shamba liwe limezaa swali la biolojia.

Ufaransa, wanaopitia Campus France, ofisi ya nchi hiyo inayopokea maombi ya wanafunzi wa kigeni, huulizwa mpango: umetoka wapi kimasomo, kozi hii inaunganaje na ulichosoma, inakupeleka kazi gani. Hapo kinachopimwa zaidi ni mfuatano. Ukitoka bio-chimie ukaomba sayansi ya kompyuta bila kueleza ulivyovuka, hata barua tamu namna gani itaonekana kama bahati nasibu. Na kwa waliokwisha kupata lisansi wanaotazama Kigali, AIMS Rwanda kwa hisabati au Carnegie Mellon Africa kwa uhandisi na kompyuta, uzito huhamia kwenye tatizo: unataka kushughulikia nini hasa, na ulichosoma kimekupa zana gani.

Kwa hiyo kabla ya kuandika neno, nakili swali la fomu yako kwenye karatasi, kwa maneno yake yenyewe, libandike mbele yako. Utashangaa ni barua ngapi nzuri zinajibu swali la nchi nyingine.

Mazuku, mbuzi na mishumaa miwili

Pamoja na tofauti hizo, ukiomba somo la sayansi, kote wanataka ushahidi kwamba akili yako inafanya kazi ya sayansi. Kupenda peke yake si ushahidi. Wote wanapenda. Wacha nionyeshe kwa karibu.

Tumchukue binti wa Kyeshero anayetaka kusoma kemia. Amekua akisikia habari za mazuku, ile gesi kaboniki isiyo na rangi inayolala kwenye mashimo na mabonde ya mawe ya lava upande wa magharibi wa mji, inayoua kuku na mbuzi, na mara nyingine watoto. Rasimu yake ya kwanza ingekuwa hivi:

"Tangu utoto wangu ninapenda sana kemia. Mji wangu unateswa na gesi hatari inayoitwa mazuku. Ndoto yangu ni kuwa mwanakemia mkubwa ili niokoe jamii yangu."

Hakuna uongo humo, na nia ni njema. Lakini sentensi hizo tatu angeweza kuziandika mtu ambaye hajawahi kufungua daftari la kemia. Sasa binti huyu arudi nyumbani, aketi na mama yake, aulize: kwa nini mbuzi ndio wa kwanza kufa? Kwa nini wazee wanakataza njia ile alfajiri, lakini saa sita mchana watu wanapita? Halafu aandike tena:

"Karibu na kwetu kuna shimo ambamo mbuzi hufa, huku mchungaji aliyesimama ukingoni hapatwi na kitu. Tulipohesabu uzito wa moli darasani, nilipata gramu 44 kwa gesi kaboniki na kama 29 kwa hewa ya kawaida, nikaelewa kwa nini gesi hiyo hulala chini. Nyumbani nilisimamisha mishumaa miwili ndani ya beseni, mmoja mfupi na mwingine mrefu, nikachanganya siki na bikaboneti pembeni. Ule mfupi ulizimika kwanza. Ila hesabu yangu haikueleza kwa nini wazee wanaogopa alfajiri kuliko mchana. Nilidhani baridi ndiyo inayoongeza uzito wa gesi. Nilipokokotoa, tofauti ya joto kati ya usiku na mchana ilibadilisha uzito kidogo mno. Sasa nadhani ni upepo na jua vinavyochanganya hewa mchana, na usiku inatulia. Ningependa kujifunza namna ya kulipima hilo."

Soma tena kipande hicho polepole. Kuna kitu kilichoonekana kwa macho, kuna hesabu ya darasani iliyotumiwa nje ya darasa, kuna jaribio la kwenye beseni lisilogharimu pesa ya maana. Lakini sentensi zenye thamani kuliko zote ni zile mbili za "nilidhani" na "nilipokokotoa". Mwanafunzi alikuwa na dhana, akaipima mwenyewe, ikaanguka, akatafuta nyingine. Mwalimu wa chuo akifika hapo anaanza kumwona mtu aliyeketi maabarani. Na sentensi ya mwisho inamwachia mlango: akimwita kwa mahojiano, anajua atamuuliza nini, na binti naye anajua ataulizwa nini.

Hapa lazima niweke onyo, nalo si la mapambo. Mtu asiende shimoni kutafuta mfano wa barua. Hewa yenye asilimia 10 ya gesi hiyo humpotezea mtu fahamu kwa dakika chache, na anayeshuka kumwokoa naye huanguka. Beseni, mishumaa na dirisha lililo wazi vinatosha.

Binti huyo akitaka kwenda mbele, njia iko wazi, na haimtoi Kivu. Ziwa lenyewe, lenye kina kinachofika mita 485, limebeba chini yake takriban kilomita za ujazo 300 za gesi kaboniki na kama 60 za methani zilizoyeyuka majini. Mwaka 1986 ziwa Nyos la Kamerun, dogo sana kulinganisha na letu, lilitoa gesi yake kwa ghafla na kuua watu wapatao 1,700. Kwa nini Kivu limetulia? Maji yake ya chini yana chumvi nyingi na ni mazito, hayachanganyiki kirahisi na ya juu. Upande wa Rwanda, mtambo wa KivuWatt unavuta maji hayo ya chini, unatoa methani na kuzalisha umeme. Mtu aliyesoma habari hizo aandike alichosoma, kisha, hili ndilo la muhimu, aandike kilichomsumbua. Kwa mfano: maji yakisharudishwa ziwani baada ya kutolewa gesi, yarudishwe kina gani ili yasivuruge tabaka? Sentensi moja ya namna hiyo inazidi orodha ya vitabu vitano vilivyotajwa majina tu.

Mimi naamini kwa dhati kwamba vijana wa mji huu wamezungukwa na sayansi kuliko wenzao wengi duniani, ila wamefundishwa kuiona kama maafa peke yake. Nyiragongo ilipolipuka mwaka 1977, 2002 na tarehe 22 Mei 2021, tuliihesabia waliokufa na nyumba zilizoungua, na ilikuwa haki tuhesabu. Lakini pia lava yake ni nyepesi kutiririka kama chache tu duniani, hukimbia mteremko badala ya kujikokota, na sababu yake ni kemia: ina silika kidogo, ile ya kwenye mchanga. Aliyelijua hilo, akauliza kwa nini, ana mwanzo wa barua ya jiolojia.

Anayetaka biolojia au kilimo atazame mnyauko wa migomba ulioharibu mashamba ya Kivu. Wakulima wameshauriwa kuondoa ua la chini la mgomba kwa kijiti chenye panda, si kwa panga. Kwa nini? Kwa sababu panga linahamisha bakteria kutoka shina hadi shina. Lakini kama wadudu nao huwaleta kupitia ua hilo hilo, lipi lina uzito zaidi, panga au mdudu? Ungelipimaje? Hapo tayari kuna aya nzima.

Na anayetaka fizikia au uhandisi, chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, inapita mbele ya mlango wake kila siku. Barabara ya kutoka Kibumba kuteremka Goma, madereva wake watakuambia chukudu iliyojaa viazi inakimbia kuliko iliyo tupu. Kitabu cha mwaka wa nne kinasema uzito haubadilishi kasi ya kuanguka. Nani amekosea? Hakuna aliyekosea, na mwanafunzi anayeweza kueleza kwa mistari sita jinsi ukinzani wa hewa unavyoingia katikati yao ameshajibu swali la kwanza na la pili la UCAS kwa pamoja.

"Yaya, shuleni kwetu hakuna maabara"

Hili huulizwa kwa sauti ya chini, kana kwamba ni kosa la mwanafunzi. Shule nyingi za hapa zinafundisha kemia ubaoni: mwalimu anachora bureti, ule mrija wa kupimia vimiminika, anaandika rangi itakayotokea, mnanakili. Usijifanye ulifanya titresheni, lile jaribio la kupima asidi kwa besi, kama hukuifanya. Mahojiano yatakuumbua kwa swali moja la "uliona nini?"

Andika ukweli, kisha andika ulichofanya nao. "Kwetu tulijifunza titresheni kwa mchoro, nilitaka kuona rangi ikibadilika, nikatumia maji ya kabichi nyekundu, ndimu na majivu." Au useme ulitumia vielelezo vya PhET, vya Chuo Kikuu cha Colorado, ambavyo ni bure na vinaweza kupakuliwa sibere, kwenye duka la intaneti, ukaenda kuvichezea nyumbani bila mtandao. Kukosa kifaa hakukuondolei alama. Kinachoondoa alama ni kuishia kwenye kukosa.

Kuna pia jambo la asilimia. Kwetu, diploma ya asilimia 68 ni ya kusherehekewa mtaa mzima. Msomaji wa nchi nyingine anaweza kuiona ya kawaida, maana kwao tisini zinapatikana kirahisi zaidi. Vijana wengi hutaka kutumia nusu ya barua kulieleza hilo. Usifanye hivyo, si kazi ya barua yako. Ni kazi ya mwalimu anayekuandikia ushuhuda wa shule, na nitalirudia hapo chini.

Vita viingie vipi?

Swali hili ni zito na sitalipitia mbio. Kuna kijana aliyefanya mtihani baada ya kulala kambini. Kuna aliyepoteza baba. Kuna ambaye shule yake ilifungwa kwa miezi, au aliyetembea na familia hadi Sake mji ulipohamishwa Mei 2021 akiacha madaftari nyumbani. Hayo ni maisha yake, na hakuna mwenye haki ya kumwambia ayafiche.

Ila ninachokiona ni hiki: mara nyingi mtu mwingine amemshauri ayaweke mbele, kwa kudhani huruma itafungua mlango. Barua inajaa moshi na risasi, na mwishoni huijui akili ya aliyeiandika. Profesa wa hisabati anaweza kulia akiisoma, halafu asijue aandike nini kwenye safu ya "uwezo wa somo". Huzuni yako haiwezi kupewa alama, na haistahili kupimwa hivyo.

Kipimo ninachotumia ni rahisi. Ukitaja jambo zito, sentensi inayofuata iseme lilifanya nini kwa kusoma kwako. "Shule ilipofungwa, tulibaki na kitabu kimoja cha fizikia watu wanne; nilinakili sura ya mawimbi kwa mkono, na katika kunakili nikagundua mfano wa tatu una kosa la ishara." Hapo vita vipo, havijafichwa, na aliyesimama mbele ni mwanafunzi. Kama jambo ni zito mno kuliandika kwa utulivu huo, liache. Fomu za ufadhili mara nyingi zina kisanduku chake cha hali ya familia. Hapo ndipo penye haki yake, tena kwa urefu.

Vivyo hivyo "kusaidia nchi yangu". Ninaamini wengi wanaoandika hivyo wanamaanisha. Lakini nchi ni kubwa, na sentensi hiyo imeandikwa na kila mtu kutoka Matadi hadi Kalemie. Ipunguze hadi iwe na ukubwa wa kushikika. Vijiji vilivyo chini ya moshi wa volkano hukinga maji ya mvua yenye floridi, na meno ya watoto hupata madoa ya kahawia. Anayesema anataka kujua njia ya bei nafuu ya kuondoa floridi kwenye pipa la maji ya mvua amesaidia nchi zaidi, ndani ya barua, kuliko anayetaka kuiokoa yote.

Maneno ya kukopa

Mwaka 2007 UCAS ilipochunguza maombi kwa kifaa cha kutambua maandishi yanayofanana, ilikuta waombaji 234 waliosimulia kwamba walipenda sayansi tangu walipounguza pajama zao kwa kemikali wakiwa na umri wa miaka minane. Watu 234, pajama zilezile. Walikuwa wamenakili mfano mmoja. Tangu hapo uchunguzi huo umekuwa wa kawaida, na kunakili maandishi ya akili mnemba nako UCAS inasema kunaweza kuhesabiwa udanganyifu.

Ninawaelewa wanaoikimbilia simu iwaandikie. Kiingereza kinatisha, muda ni mfupi, na maneno yanayotoka ni laini. Lakini simu haijui shimo lenu, haijui mama alisema nini juu ya alfajiri. Itakuandikia upendo wa utotoni na ndoto kubwa, yaani rasimu ya kwanza ya binti wa Kyeshero, kwa Kiingereza kizuri zaidi.

Njia ninayoipendekeza ni ya mdomo. Kaa na mtu, mdogo wako hata, umsimulie kwa Kiswahili cha nyumbani kile kitu kinachokukera kwenye sayansi, na simu irekodi. Usitafute maneno makubwa. Sikiliza baadaye, uandike ulichosema, kisha ndipo ukigeuze Kifaransa au Kiingereza. Sentensi zitakuwa fupi, na zitakuwa zako. Makosa ya sarufi mwalimu wa lugha atayasahihisha jioni moja. Barua isiyo na mtu ndani hakuna mwalimu anayeweza kuisahihisha.

Ukimaliza, mpe mwalimu wa somo hilo aisome atafute kosa la sayansi, kisha mpe mtu asiyejua sayansi kabisa. Huyu wa pili usimuulize kama ni nzuri. Chukua karatasi, ngoja hadi kesho yake, muulize anakumbuka nini. Akikumbuka mbuzi na mishumaa, endelea. Akikumbuka kwamba "unapenda sana kemia", rudi mezani.

Prefe wako anaandika nusu ya pili

Ombi la UCAS huambatana na ushuhuda wa mwalimu, na tangu maombi ya mwaka 2024 ushuhuda huo una sehemu zake. Moja ni ya kuieleza shule kwa jumla. Nyingine ni ya hali zilizomwathiri mwanafunzi. Hapo ndipo mahali pa asilimia 68 na maana yake katika Kongo, na hapo ndipo mahali pa shule iliyofungwa, mtihani uliosogezwa, maabara isiyokuwepo. Yakisemwa na prefe, yaani mkuu wa shule, yanakuwa taarifa. Yakisemwa nawe yanaweza kusikika kama kujitetea.

Prefe wengi hawajawahi kuiona fomu hiyo, na wakiambiwa waandike ushuhuda wataandika kile walichozoea: mwanafunzi ana mwenendo mzuri, apewe karatasi hii imsaidie panapostahili. Kwa hiyo nenda kwake mapema, kwa heshima inayomstahili, na karatasi moja uliyoiandaa: tarehe shule ilipofungwa na kufunguliwa, nafasi yako darasani na idadi ya wanafunzi, wangapi katika shule walivuka asilimia 60 mwaka ule, ni majaribio gani hayakufanyika na kwa nini. Usimwandikie maneno ya kukusifu; mpe taarifa, sifa aziandike mwenyewe. Wanaoomba Oxford, Cambridge au udaktari huko Uingereza wanafungiwa tarehe 15 Oktoba, na shule zetu zinafunguliwa mwezi wa tisa, siku ambazo mlango wa prefe una foleni ya wazazi wenye bili za shule. Mwone kabla ya likizo kubwa, akiwa bado anakumbuka sura yako na daftari lako.